Katana: Hesabu itangulie sindano

Mwanafunzi anatoka Bukavu asubuhi, anapita Kavumu, anashuka Katana. Anamkuta mfugaji mmoja karibu na barabara, kisha mwingine, anachukua damu ya ng'ombe 10 na kurudi mjini. Maabara inasema hakuna hata mmoja mwenye brusela. Katika kazi yake ya mwisho wa masomo anaandika kwamba ugonjwa huo haupo Katana. Hakudanganya. Lakini huenda amekosea, na kosa halikutoka maabara.

Mfano huo ni wa kubuni, ila hesabu yake ni ya kweli. Ikiwa katika kila ng'ombe 100 wa eneo hilo 10 ni wagonjwa, na mtafiti akachagua 10 kwa kura, kuna nafasi kama 35 kwa 100 kwamba hatakuta hata mgonjwa mmoja, hata kipimo kiwe hakikosei. Ili nafasi hiyo ishuke chini ya 5 kwa 100, anahitaji angalau ng'ombe 29. Na wote 29 wakitoka kwa mfugaji mmoja, bado haitoshi. Ng'ombe wa zizi moja huambukizana. Mtafiti atakuwa amepima zizi, si Katana.

Kosa hilo linaishia nyumbani kwa watu. Brusela hufanya ng'ombe atupe mimba, na binadamu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo la nyuma bila kujikinga. Familia iliyoambiwa kwamba ugonjwa haupo haitaona sababu ya kuchemsha maziwa. Mtu mwenye homa isiyokwisha atameza dawa za malaria tena na tena kabla mtu yeyote hajauliza habari za ng'ombe wake.

Kivu ya Kusini haikosi watafiti. Jirani na Katana kuna kituo cha Lwiro, chenye mizizi katika taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947. Mwaka 2021, watafiti, wakiwemo wa chuo kikuu cha UEA cha Bukavu, walichapisha jenomu kamili ya kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika kutoka kwa nguruwe wa Congo. Ni kazi ya kujivunia. Lakini jenomu inaeleza kirusi ni cha aina gani. Haielezi ni familia ngapi zimepoteza nguruwe waliotegemewa kulipa minervali ya watoto. Swali hilo linataka takwimu.

Ndiyo maana kila chuo kikuu cha Bukavu kinachofundisha mambo ya mifugo kinapaswa kuwa na ofisi ya msaada wa takwimu, na mwanafunzi apite hapo kabla ya kwenda vijijini, si baada ya kurudi na karatasi zisizojulikana zisomwe vipi. Aulizwe mapema: unatafuta nini, wanyama wangapi, kutoka mazizi mangapi, na utawachagua vipi?

Watakuwepo watakaosema pesa hakuna, tena wakati huu wa vita ambapo mifugo imeporwa na watu wamehama. Lakini umaskini ndio sababu ya kupiga hesabu kwanza. Vipimo vya maabara ni ghali, na damu iliyochukuliwa bila mpango ni pesa iliyomwagwa. Ofisi hiyo inaweza kuanza na mtu mmoja anayejua epidemiolojia, kompyuta moja, na programu ya R ambayo ni ya bure.

Jambo la mwisho ni deni. Mfugaji wa Katana aliyeshika pembe za ng'ombe wake ili mgeni achukue damu anastahili kurudishiwa jibu, kwa lugha anayoielewa. Na jibu hilo liwe la kuaminika.