Dakika Kumi na Nane za Fundi Bomba

Kwenye daftari la timu yetu ya mtaa, hapa Ipagala, kuna mstari nilioandika kwa mkono wangu: "Sub – 20,000." Hauna jina. Mimi ndiye mweka hazina, daftari ni langu na mwandiko ni wangu, na mtu aliyejificha nyuma ya neno hilo "sub" alikuwa hawezi kukanyaga chini siku ile naandika. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nimekuja kuwasema wenzangu tu.

Nusu fainali ilichezwa mwezi wa nane. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa mwezi wa nane: unakuja na vumbi jekundu, unaingia mdomoni, unaupeleka mpira mahali ambapo mpigaji hakukusudia. Kiwanja chetu nacho kimebanwa. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kweli kweli, viwanja vya wazi vimekuwa viwanja vya kupimwa, na upande wetu wa kulia kuna ukuta wa nyumba mpya uliosogea mpaka karibu na chaki. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Dakika ya sabini na mbili beki wetu wa kushoto akala kadi ya pili ya njano kwa faulo ya kijinga, tukabaki kumi.

Kocha akamtoa winga, akamwita fundi bomba. Sitamtaja jina, hajaniomba umaarufu. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini Ilazo, njumu zake ziko kwenye mfuko mmoja na spana. Msimu mzima alikuwa ameingia mara tano, zote mwishoni, zote wakati maji yamefika shingoni. Pale pembeni vijana wakaguna. Mmoja akapiga kelele, "Kocha, umepaki basi!" Basi lenyewe likapaki dakika kumi na nane na za nyongeza, na mpira ukaisha moja bila. Karibu na mwisho aliweka mguu mbele ya shuti lililokuwa linakwenda wavuni (wavu wa kufikirika, milingoti yetu haina nyavu) na kifundo kikamgeuka. Fainali aliitazama akiwa amekaa, mguu juu ya kreti la soda. Tukachukua kombe, mbuzi, na laki tisa.

Mgawo ulikuwa hivi. Mfungaji wetu, 150,000. Wengine kumi walioanza, 50,000 kila mmoja. Kocha, 110,000. Wachezaji saba wa akiba, 20,000 kila mmoja. Jumlisheni wenyewe, hesabu imekaa sawa hadi shilingi ya mwisho. Fundi alikuja kwenye kikao akichechemea, akaomba kwa adabu aongezewe 80,000: picha ya eksirei, dawa, na wiki tatu alizokaa nyumbani bila kupanda ngazi ya mtu. Mjumbe mmoja akasema, "Kaka, umecheza dakika kumi na nane, hata mpira hujaugusa." Tukapiga kura. Mimi nikanyoosha mkono pamoja na waliokataa.

Kilichonigeuza ni simu. Kijana mmoja alikuwa amerekodi kipindi cha pili chote akiwa juu ya ukuta ule mpya, akanitumia. Nikakaa usiku na kalamu. Ni kweli, fundi aligusa mpira mara nne tu, na tatu kati ya hizo aliupiga nje. Lakini wapinzani, kwa kuwa wana akili, walishambulia upande wetu wa kushoto ambako beki ametoka. Walikwenda huko mara kumi na moja. Mara tisa waliishia kwenye mstari, wakipiga krosi kwa mguu dhaifu au wakirudisha mpira nyuma. Ukitazama mpira huoni sababu. Ukimtazama fundi unaiona: hakimbilii mpira, anakimbilia njia ya mpira. Anasimama kiubavu, anamfungulia mwenzake uwanja wa nje ambao hauna faida, anamfungia wa ndani wenye goli. Mara mbili anacheza faulo, zote karibu na mstari wa kati, mbali na hatari, kisha anampa refa mkono na kuomba radhi taratibu sana, kama mtu anayewasalimia wakwe. Sekunde thelathini zimekwenda.

Hiyo ni kazi, ina ufundi wake, na sisi hatuna hata neno la heshima la kuiita.

Tazameni maneno tuliyonayo. Kiungo mkabaji tunamwita mkata umeme, jina zuri lakini la uharibifu, kana kwamba mwenye umeme ndiye mwenye haki. Anayekimbia sana tunamwita punda. Na anayeweza kuziba nafasi yoyote tunamwita kiraka, neno la suruali iliyochanika. Erasto Nyoni alibeba jina la kiraka miaka na miaka, Azam, Simba na timu ya taifa: leo beki wa kulia, kesho wa kati, keshokutwa kiungo. Machi 24, 2019, siku Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kurudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, bao la pili lilikuwa la penalti, na aliyekwenda kuipiga ni huyo huyo kiraka. Aliyewahi kwenda shule na kaptula yenye kiraka anajua kwamba bila kiraka asingekwenda shule siku hiyo.

Najua mtanijibu kwa Khalid Aucho. Mtasema mashabiki wa Yanga walimwimba Aucho kama walivyomwimba Fiston Mayele, kwa hiyo Watanzania tunawathamini wakabaji. Sikubali. Aucho alikuwa nyota, nahodha wa Uganda, mtu wa kuanza kila mechi kubwa. Mimi namsemea aliyekuwa nyuma ya Aucho. Zawadi Mauya alikaa Yanga misimu kadhaa akijua kwamba zamu yake inafika mwenzake akiwa na kadi, akiwa amechoka, au bao likihitaji kulindwa. Waulizeni mashabiki waliobobea wawasimulie mabao saba ya Mayele katika Kombe la Shirikisho 2022/23, timu ilipofika fainali: watawasimulia hadi mguu gani. Kisha waombeni wawatajie mechi moja tu ambayo Mauya aliingia mwishoni na ikaisha salama. Mtaona wanavyokuna kichwa.

Rafiki yangu tuliyesoma naye UDOM sasa anaishi Kanada, na ndiye aliyenifumbua macho bila kukusudia. Alinitumia video za magongo ya barafuni, mchezo ambao kwa Afrika Mashariki unajulikana kidogo Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa hoteli moja. Kule mchezaji akifanya kosa la kawaida anakaa kwenye kibanda dakika mbili, na timu yake inacheza na wanne dhidi ya watano, ukiacha makipa. Washambuliaji wamegawanywa katika vikosi vinne vya watatu watatu. Kikosi cha nne ndicho kinachocheza muda mfupi kuliko vyote na kulipwa kidogo kuliko vyote. Lakini adhabu ikitolewa, mara nyingi wanaoruka ukuta kwenda kuzima moto ni watu wa kikosi hicho. Wanajirusha mbele ya mashuti kwa miili yao. Wakiupata mpira, ambao kwao ni kisahani cheusi cha raba, wanautupa mbali upande wa pili, wanarudi benchi wakihema.

Si ushujaa wao ulionishangaza. Ni kwamba kazi yao ina hesabu. Kila timu inajua imezima adhabu ngapi katika kila mia, na timu nzuri huzima zaidi ya nane katika kila kumi. Namba inachapishwa, meneja anaisoma, mkataba unaandikwa. Ndiyo, hata kule wapo makocha wanaowapeleka nyota wao kwenye kazi hiyo, na wanabishana kama kuna haja ya kumlipa mtu kwa ajili yake tu. Lakini wanabishana wakiwa na takwimu mkononi. Sisi tulibishana tukiwa na soda mkononi.

Hoja kubwa ya wanaonipinga, na mimi nilikuwa mmoja wao, ni kwamba kazi hiyo mtu yeyote anaiweza. Mwambie mshambuliaji arudi nyuma akabe, basi. Lakini tazameni nini kinatokea. Mshambuliaji aliyekimbia dakika sabini kwenye vumbi hili akirudi kukaba, anakaba vibaya kwa sababu hakuzoea, na akishaupora mpira hana pumzi ya kwenda nao. Umepoteza watu wawili kwa bei ya mmoja. Fundi alipoingia, mfungaji wetu alibaki peke yake mbele, akitembea, na kwa sababu alikuwepo pale mabeki wao wawili hawakuthubutu kupanda. Kwa hiyo hata wale waliomlipa mfungaji kwa "kuwatisha" mabeki walimlipa kwa uhuru alionunuliwa na mtu wa elfu ishirini.

Hoja ya pili: mabao ndiyo yanayoshinda mechi. Hapa nawaomba turudi San-Pédro, Ivory Coast, Januari 2024, kama mna ubavu. Januari 17 tulikuwa nyuma ya Morocco 1-0 mpaka dakika ya sabini, Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu. Tukabaki kumi. Dakika ya sabini na saba bao la pili, ya themanini la tatu. Dakika kumi za kucheza pungufu, mabao mawili. Siku nne baadaye tukacheza na Zambia. Simon Msuva akafunga dakika ya kumi na moja. Kabla ya mapumziko Zambia wakapata kadi nyekundu, wakabaki kumi. Nusu nzima ya mchezo tulikuwa na mtu mmoja zaidi na bao moja mkononi. Wazambia kumi hawakufa. Dakika ya themanini na nane Patson Daka akasawazisha kwa kichwa.

Chukueni kalamu. Kundi lile Kongo walimaliza wa pili kwa pointi tatu, sare tatu, wakaenda mpaka nusu fainali. Sisi tulimaliza wa mwisho kwa pointi mbili. Tungezilinda zile dakika mbili na za nyongeza dhidi ya Zambia, pamoja na sare yetu ya bila kufungana na Kongo, tungekuwa na nne, na wa pili tungekuwa sisi. Hatukuhitaji bao jingine hata moja. Bao tulikuwa nalo tangu dakika ya kumi na moja. Usiku ule nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira hapa Ipagala, tumekunjana kama magunia, na Daka alipofunga mzee mmoja alisema polepole, "Hatuna watu wa kufunga duka." Sote tukamcheka, tulidhani anasemea beki. Nadhani sasa alikuwa anasema kitu kipana kuliko beki.

Na hoja ya tatu, ambayo haisemwi kwa sauti: aibu. Kijana wa miaka kumi na sita pale kiwanjani hataki kuitwa mtu wa kuingia dakika ya themanini kupiga mipira nje. Anataka kupiga kanzu, arekodiwe, video isambae. Namwelewa, hata mimi nilitaka hivyo nikiwa na umri wake, na nilikuwa mbovu. Zawadi za mashindano yetu zinamthibitishia: mfungaji bora, kipa bora, mchezaji bora, na mchezaji bora siku zote ni mfungaji au mpiga chenga. Tunawalea watoto ishirini wa kushambulia, halafu wanapobaki kumi tunashangaa hakuna anayejua kusimama kiubavu.

Sijasema fundi alistahili kulipwa sawa na mfungaji. Mfungaji alifunga mabao sita, na bila bao la nusu fainali fundi asingekuwa na kitu cha kulinda. Nimesema alistahili matibabu yake, na alistahili jina lake kwenye mstari. Nilimwendea nyumbani kumwambia kwamba nilikosea kunyoosha mkono. Alikuwa anatengeneza bomba la jirani huku amekaa kwenye ndoo. Nikampa 20,000 za mfukoni mwangu, akazikataa. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuomba hela yako, niliomba ya timu." Kisha akaniuliza kama kwenye ile video inaonekana alivyomfunga yule namba saba wao kona ya ukuta. Nikamwonyesha. Akaitazama mara tatu, akarudisha nyuma tena, akacheka peke yake.

Kikao kingine ni Jumapili saa kumi jioni, pale pale chini ya mwarobaini. Nimechora ukurasa mpya wenye safu nne: jina, dakika, hali ya mechi alipoingia, hali ya mechi ilipoisha. Nimeijaza kwa msimu mzima kutoka kwenye video na kumbukumbu za kocha. Fundi ameingia mara sita. Mara zote sita tulikuwa tunaongoza au tumebaki pungufu, na mara zote sita tulitoka bila kufungwa. Hoja ya 80,000 naileta upya, na safari hii anayetaka kuikataa aikatae akiwa amelisoma daftari.