Je, Roboti Ana Mzimu?

Mhariri, nakuomba uniazime nafasi kidogo katika jarida letu nitoe la moyoni. Mimi si mtu wa kulalamika. Mwaka jana niliandika shairi, na mwaka juzi vitendawili kumi ambavyo vitatu havikuwa na majibu. Lakini mwaka huu nimeudhika, na Mwalimu mlezi wa chama ameniambia, “Badala ya kununa, andika.” Basi naandika.

Ndugu msomaji, kisa chenyewe kilianza hivi. Likizo ya Desemba binamu yangu alirudi nyumbani Ndanai kutoka Marekani, ambako anasoma chuoni kwa sababu anakimbia mbio. (Unajua sisi watu wa Bomet na Kericho, miguu ndiyo karo yetu.) Wengine waliletewa viatu na fulana. Mimi nikaletewa kitabu cha katuni. Nikanuna kidogo. Usiku nikakifungua, nikakesha nacho hadi betri ya tochi ikafa.

Kitabu hicho ni cha Transformers na Ghostbusters wakikutana. Kilitolewa Marekani na kampuni ya IDW mwaka 2019 katika sehemu tano, mwandishi akiwa Erik Burnham na mchoraji Dan Schoening. Kwa wasiowajua, Ghostbusters ni wale mabwana wa New York wanaovaa ovaroli, wamebeba mitambo mgongoni kama mtu anayepiga dawa ng'ombe, kazi yao kuwinda mizuka na kuifungia katika kisanduku. Walianza katika filamu ya mwaka 1984. Transformers nao ni maroboti makubwa kutoka sayari ya mbali iitwayo Cybertron, wanaoweza kujikunja wakawa magari au ndege. Hao pia walianza kuuzwa Marekani kama vitu vya kuchezea mwaka huo huo wa 1984, ingawa asili yao ni Japani. Kwa hiyo mwaka 2019 pande zote mbili zilitimiza miaka 35, na wenye mali wakaona heri wafanye harusi ya pamoja.

Katika kitabu hicho kuna roboti mmoja, Ectotron, ambaye akijikunja anakuwa gari lile la wawinda mizuka, Cadillac ndefu ya mwaka 1959 iliyo kama ya kubebea maiti. Na kuna Starscream. Huyu ni roboti msaliti, bingwa wa kumvizia mkubwa wake, na humu ndani ni marehemu. Naam, amekufa na amerudi akiwa mzuka! Roboti wa chuma, mwenye skrubu na nyaya, ana mzimu.

Hapo ndipo niliposimama. Nikajiuliza, inawezekanaje? Kitu kilichoundwa kikifa kinaacha nini, si kutu tu?

Nilipofungua shule nilikuja nacho. Bwenini kikasomwa kwa foleni hadi jalada likatoka. Kikanaswa wakati wa prepu (simtaji aliyekuwa nacho, wala simtaji mwalimu wa zamu), kikapelekwa mahali ambapo vitu hupelekwa. Hilo sina neno nalo, sheria ni sheria. Kilichoniudhi ni mkutano wa chama chetu wiki iliyofuata. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tumechora katuni yetu wenyewe, kurasa nne, kwa ajili ya jarida hili. Tukaambiwa na wanachama ati katuni ni mambo ya watoto, ati zinaua Kiswahili, ati kuchanganya mazimwi na mashine ni upuuzi wa wazungu. Kura zikapigwa. Tukashindwa kumi na saba kwa sita.

Sasa nijibu. Wacha nianze na hilo la kuua Kiswahili.

Wenzangu, nani hapa hajasikia babake au mjomba akimtaja Juha Kalulu? Edward Gitau alimchora Juha katika Taifa Leo kwa miaka mingi sana, kwa Kiswahili, na watu wazima wenye ndevu walifungua gazeti kwa Juha kabla ya habari za serikali. Kuna wazee waliojifunza kusoma Kiswahili hapo, si katika vitabu vya sarufi. Miaka ya themanini kulikuwa na Pichadithi, vitabu vilivyochora ngano za makabila yetu, Lwanda Magere akiwemo. Frank Odoi, aliyezaliwa Ghana akaishi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alituchorea Akokhan, shujaa wa nguvu za kichawi ambaye hakukopwa Marekani. Na mwaka 2010 likaja Shujaaz, likigawiwa bure ndani ya gazeti, lugha yake Sheng. Najua walimu mtakunja uso hapo kwenye Sheng. Lakini angalieni ufundi wake: Boyie ana redio yake ya siri, Maria Kim ana mambo yake, Malkia yake, Charlie Pele yake, na kila mmoja ana hadithi yake, ila redio ya Boyie inawaunganisha. Si ndiyo habari hiyo hiyo ya visa kukutana? Mwaka 2012 Shujaaz wakapata tuzo ya Emmy ya kimataifa. Upuuzi gani huo unaopewa tuzo?

Tena, mtu akisema katuni haina Kiswahili kigumu, mimi humuuliza swali moja la sarufi. Utasema “roboti imesimama” ama “roboti amesimama”? Kama ni mashine, ngeli yake ni ya I-ZI, kama friji. Lakini roboti akianza kusema, kucheka na kumsaliti mkubwa wake, utaendelea kumwita “i-”? Katika ngano zetu sungura, fisi, hata jiwe likipewa ulimi, tunawaingiza katika ngeli ya A-WA bila kuomba ruhusa. Mzimu nao ni kinyume. Alikuwa mtu, alikuwa “yeye”, akifa anakuwa “mzimu umekuja”, kama mti au mkate. Maskini, mtu anakufa na ngeli yake inashuka! Zimwi ndilo kabisa, linapewa “li-” kama jitu. Tulibishana bwenini juu ya jambo hili mpaka taa zikazimwa. Niambieni ni insha gani iliyowahi kutufanya tubishane juu ya upatanisho wa kisarufi gizani.

Kitabu chenyewe, hata hivyo, mimi sikisifu chote. Nitasema kasoro zake kabla hamjanisemea. Kwanza, ni duka. Ectotron aliuzwa dukani mwaka huo huo kama kitu cha kuchezea, na unaposoma unaona kabisa mkono wa muuzaji ukichungulia nyuma ya ukurasa. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, mizuka ya Wamarekani ni ya kupigwa tu. Ikitokea, inapigwa miali, inavutwa kisandukuni, biashara imekwisha, nipe pesa yangu. Hakuna anayekaa chini kuiuliza, “Wewe ulikuwa nani? Wataka nini?”

Nilimsimulia kogo, nyanya yangu, jambo hilo tukiwa jikoni. Akacheka hadi akaweka chini mwiko. Akaniuliza, “Sasa wao wakimfungia babu yao kwenye sanduku, mtoto akizaliwa watamwita nani?”

Kwa wenzangu wasio Wakipsigis nieleze kidogo. Kwetu waliotangulia huitwa oiik. Zamani, na hata sasa katika baadhi ya nyumba, mtoto akizaliwa kina mama hukusanyika wakataja majina ya waliokufa wa ukoo, jina moja baada ya jingine, hadi mtoto apige chafya. Jina lililotajwa alipopiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Huko ndiko kurenet. Kwa hiyo mimi ninayeandika haya nimebeba jina la mtu aliyekufa kabla babangu hajazaliwa. Mimi mwenyewe kwa hesabu ya kogo ni nusu mzuka. Nani atanielekezea miali?

Nikamuuliza, “Kogo, na mashine? Mashine ikifa ina oiik?”

Hakucheka tena. Akafikiri. Akasema, “Mashine haina, lakini mtu ambaye mashine ilikalia kiti chake anaye.”

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa katuni yetu, na hapa nafika kwenye kidonda chenyewe.

Senge wangu, dada ya baba, alichuma chai katika shamba kubwa upande wa Kericho kwa miaka kumi na tisa. Kidole gumba chake cha kulia ni kigumu kama kwato. Alikuwa akichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka tulimtania kwamba akilala mikono inaendelea kuchuma. Karo ya binamu yangu huyu wa mbio, kabla miguu yake haijaonekana, ilitoka katika vidole hivyo. Kisha zikaja mashine. Si maroboti makubwa ya Cybertron, la. Ni kitu kama mkasi mrefu wenye injini, watu wawili wanakishika huku na huku juu ya mstari wa chai, mfuko umevimba nyuma, na unapita kama kinyozi. Senge akaambiwa arudi nyumbani. Mwezi wa Mei 2023, kama mjuavyo, kulikuwa na maandamano Kericho na mashine kadhaa zikachomwa moto. Yeye hakuwapo. Alikuwa Ndanai, akipanda maharagwe na kusikiliza redio, na aliposikia hakusema kitu.

Katika katuni yetu tumemweka Chemosit. Kila mtoto wa huku amelazwa mapema kwa jina lake: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Chemosit wetu anatoka msituni usiku, anaona mwanga mwekundu katikati ya chai. Ni taa ya mashine. (Najua zile halisi hazina taa kama hiyo. Tumeichora kubwa kuliko ilivyo na kuiwekea taa, ndiyo maana ni katuni.) Anadhani amempata ndugu. Anaiamkia. Mashine nayo, kwa kuona kinywa kinachong'aa, inadhani hiyo ni mashine ya aina mpya iliyoletwa kuchukua kazi yake, inaingiwa na hofu. Wanakaa hapo wakiogopana hadi alfajiri, na anayewakuta ni mama mmoja mwenye kikapu ambaye amekuja kuchukua kiatu alichosahau siku aliyoachishwa kazi. Anawaona wote wawili. Anawaambia, “Sogeeni, kiatu changu kiko chini yenu.”

Basi. Ndiyo katuni yote. Mnaambiwa huo ni upuuzi wa wazungu.

Mwanachama mmoja alisimama mkutanoni akasema hatari ya katuni hii ni kwamba itachochea watu wachome mashine. Namheshimu, na babake ni mmoja wa wanaoziendesha, nayo ni riziki yake. Lakini hebu na anionyeshe ni ukurasa upi una kiberiti. Hakuna anayechoma, hakuna anayepigwa miali, hakuna kisanduku. Hata Chemosit hali mtu, jambo ambalo kogo alisema ni kasoro kubwa ya hadithi.

Mwingine akasema mazimwi yakae katika ngano na mashine zikae katika sayansi, kila jambo mahali pake. Wazo zuri kama mtu anaishi kabatini. Sisi hapa tunaishi wapi? Mchana twasoma umeme katika fizikia, jioni twapita kando ya mashamba ambayo wazee wanatwambia yalikuwa ya nani kabla ya chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai kutoka huku Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwa sababu iliwaogopa viongozi wao, ikiwaita wachawi. Tazama sasa: serikali yenye magari na bunduki ikiwaogopa wazee kwa uchawi! Mwenye mitambo ndiye aliyekuwa akikimbia mizuka. Burnham na Schoening walihitaji sayari nzima ya kubuni ili kuwakutanisha wawili hao. Huku wamekutana zamani kabla baba zetu hawajazaliwa.

Kwa hayo, naomba chama kirudie kura katika mkutano wa muhula ujao. Sitaki huruma. Mwalimu mlezi amesema iwapo tutakubaliwa, itabidi tuamue roboti ni “a-” au “i-” na tushikilie hapo hapo mwanzo hadi mwisho, maana sasa tumechanganya. Ukurasa wa pili inasema “mashine imeogopa” na wa tatu “mashine ameogopa”. Wenzangu wawili wanataka “i-”. Mimi nilikuwa upande wao. Wikendi ya kutembelewa Senge alikuja, nikamwonyesha zile kurasa nne, akazisoma polepole akitumia kile kidole gumba. Nikamwuliza aseme ipi ni sawa.

Akasema, “Mimi nikiizungumzia huwa nasema ‘yeye’. Alinifukuza yeye, si ‘hiyo’.” Kisha akauliza kama kiatu kilipatikana.

Kurasa ziko kwa katibu, ndani ya bahasha ya kaki. Anayetaka kuziona kabla ya kupiga kura amwone wakati wa chai ya saa nne.