Bando la Mwalimu Analipa Nani?

Semina za TEHAMA kwa walimu huisha kwa mtindo uleule. Mwezeshaji anarusha ukutani orodha ndefu ya tovuti, walimu wanaipiga picha kwa simu zao, posho inasainiwa, watu wanatawanyika. Jumatatu mwalimu yuko darasani na chaki yake. Orodha imelala kwenye simu, kwa sababu swali lenye maana halikuulizwa: bando analipa nani?

Tumepakana mafuta kwa mgongo wa chupa vya kutosha. Mwalimu wa Tanzania hajakosa vitu vya kufundishia mtandaoni. Vipo, vingi ni vya bure, na vingine vinafundisha kuliko kitabu kilichofungiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Alichokosa ni mwajiri anayekubali kwamba data ni kitendea kazi sawa na chaki. Chaki hatumwambii ajinunulie. Data ajinunulie kwa kosa gani?

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Uamuzi mzuri, tuusifu. Lakini kumpa mwalimu kishikwambi bila data ni kumkabidhi dereva basi lisilo na mafuta, kisha kumfokea kwa kuchelewesha abiria. Matokeo yake kifaa cha kufundishia kinapiga picha za mahafali.

Tazameni tunachokipoteza. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, kina mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ni majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye kioo: katika lile la umeme, mwanafunzi anavuta betri, balbu na nyaya kwa kidole chake. Sakiti ikikamilika, balbu inawaka. Akiongeza betri, mwanga unakuwa mkali zaidi. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto unalipuka palepale na hakuna anayeungua. Shule ngapi za kata zina maabara ya kumwonyesha mtoto hilo? Na faili lenyewe ni la megabaiti chache: unalipakua mara moja, unalitumia bila mtandao.

Tuje nyumbani. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo kila swali linafumuliwa: watahiniwa walifanyaje, walioanguka waliteleza wapi, na vielelezo vya majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwalimu wa Kidato cha Nne anataka nini zaidi ya kuliona kosa kabla wanafunzi wake hawajalirudia? Ni bure kabisa.

Wakati huohuo, kwenye makundi ya WhatsApp kuna watu wanauza maandalio ya somo, pasti pepa, hata vitabu vya Taasisi ya Elimu ambavyo Taasisi yenyewe imeviweka kwenye maktaba mtandao yake visomwe bure. Na walimu wananunua! Si kwa ujinga. Mwenye bando la kufungulia WhatsApp tu atanunua kilichomo WhatsApp. Uhaba wa data umezaa madalali wa elimu ya bure, na sisi tunawatazama.

Najua wataibuka wa kusema mtoto akipewa intaneti atatazama upuuzi. Basi mpeni maarifa bila intaneti! Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia nzima ya Kiingereza, pamoja na picha zake, inakaa kwenye kadi ya gigabaiti 256 na nafasi inabaki. Programu nyingine, Kolibri, inabeba masomo ya Khan Academy na kuyasambaza kwa Wi-Fi ya shule isiyounganishwa na dunia. African Storybook, mradi wa Saide wa Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili kwa watoto wanaoanza kusoma, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha na kuzitafsiri bila kumwomba mtu. Kompyuta moja, ruta moja, na vishikwambi vilevile vya sensa. Upuuzi utapenya wapi?

Fedha? Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, kampuni za simu zinauchangia, na umekwisha kupeleka kompyuta shuleni. Hatua inayofuata iko wazi. Tovuti za NECTA na Taasisi ya Elimu zifunguke bila kukata data ya mtu. Ruzuku ya shule iwe na fungu la data, lenye jina lake, linalokaguliwa kama mafungu mengine. Kila halmashauri iwe na diski moja iliyojazwa masomo haya, izungushwe shule kwa shule, isasishwe kila muhula. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili wala kongamano hotelini.

Mwalimu akishapewa haya, kisha akaendelea kufundisha sakiti kwa mchoro wa ubaoni peke yake, mwiteni mvivu. Barua yake ya onyo nitaiunga mkono. Kabla ya hapo, mvivu ni aliyeandika bajeti.