Mpiga picha wa Basotu asikodi programu kwa dola

Wiki hii safu hii inaweka kando bei za mahindi, maharage na ng'ombe ili itazame bidhaa nyingine isiyopimwa kwa debe wala mzani, ambayo hata hivyo inauzwa kwenye kila harusi na kila ubarikio: picha. Swali linalowakabili wapiga picha wa Basotu, na wenzao wa Katesh na Haydom, ni la biashara kuliko ufundi. Ni programu gani ya kuhariri picha ambayo soko lao linaweza kuilipia?

Enzi za mkanda hesabu ilikuwa wazi. Mpiga picha alinunua mkanda wa picha 36, akaupeleka mjini kusafishwa, akajua kila picha imemgharimu kiasi gani. Kamera za dijitali zilifuta hesabu hiyo, na Januari 2012 kampuni ya Kodak, iliyokuwa mfalme wa mikanda, iliomba kinga ya mufilisi nchini Marekani. Hata hivyo gharama hazikwisha. Zilihamia kwenye kompyuta, diski, bando na programu.

Programu inayojulikana zaidi ni Photoshop ya kampuni ya Adobe, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Kwa miaka mingi mteja aliweza kuinunua mara moja ikawa yake. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatakodishwa tu, kwa ada. Mpango wa wapiga picha ulijulikana kwa bei ya dola 9.99 kwa mwezi, lakini Januari 2025 kampuni iliacha kuwauzia wateja wapya mpango huo wa bei nafuu. Hapo ndipo penye somo: anayekodi hana sauti juu ya bei ya kesho.

Ndugu msomaji, linganisha ada hiyo na uchumi wa Basotu. Tangu zama za mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, fedha za eneo hili zimefuata mavuno. Mkulima hulipwa akivuna, na mpiga picha hulipwa mkulima akivuna. Baada ya mavuno harusi hufuatana. Wakati wa palizi studio hulala. Ada ya mwezi haijui palizi. Aidha, ada hiyo hufuata thamani ya dola, na wafanyabiashara hawajasahau jinsi dola ilivyoadimika nchini mwaka 2023 na 2024. Zaidi ya hayo, kompyuta hulazimika kuingia kwenye intaneti mara kwa mara ili malipo yahakikiwe.

Wengi wamekwepa ada kwa kutumia nakala za wizi zinazosambazwa kwa fleshi. Njia hiyo ina hasara zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda muziki na vitabu. Isitoshe, nakala hizo mara nyingi huja na virusi, na kirusi kimoja kinaweza kufuta harusi za msimu mzima. Fundi ataweka programu upya, lakini bibi harusi hatafunga ndoa mara ya pili ili apigwe picha.

Kwa maoni ya safu hii, njia ya busara ni programu huria. GIMP, ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 1996, inapatikana bure, na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Inatosha kwa kufuta madoa, kubadili rangi ya nyuma ya picha ya pasipoti na kupanga kadi ya mwaliko. Kwa kurekebisha mwanga wa picha nyingi kwa pamoja zipo darktable na RawTherapee, nazo za bure. Anayepiga kwa simu anayo Snapseed. Programu hizi hupakuliwa mara moja palipo na mtandao mzuri, kisha hufanya kazi bila bando.

Lakini programu pekee haiokoi biashara isiyo na utaratibu. Tufanye hesabu. Picha ghafi ya kamera ya megapikseli 24 inaweza kufika megabaiti 30. Harusi ya picha 800 ni gigabaiti 24. Diski ya terabaiti 1 itabeba harusi kama 40. Hivyo basi, fedha ambazo zingekwenda kwenye ada zinunue diski mbili, moja ikae studio na nyingine nyumbani.

Utaratibu wenyewe uwe huu. Siku hiyohiyo ya shughuli, picha zinakiliwe kwenye diski zote mbili, katika folda yenye mwaka, mwezi, siku na jina la shughuli. Kadi ya kamera isifutwe kabla ya hapo. Pili, zichambuliwe kama maharage: mbovu zitengwe kabla ya kuharibu muda kuzihariri. Tatu, mwanga na rangi virekebishwe, na ngozi ya mteja ibaki ya kwake, isipaushwe. Nne, picha halisi isiguswe. Inayohaririwa iwe nakala, maana faili la JPEG hupoteza ubora kila linapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Mwisho, ya kuchapa kwa inchi 4 kwa 6 iwe na pikseli 1200 kwa 1800, na ya kutuma kwa simu iwe ndogo.

Wapo watakaosema Photoshop ina wajuzi wengi wa kumfundisha kijana, na ni kweli. Mwenye wateja wa matangazo Arusha au Dar es Salaam, wanaolipa kila mwezi, anaweza kuikodi na ikajilipa. Lakini studio inayotegemea harusi na picha za pasipoti haina mapato ya namna hiyo.

Simu zimekwishachukua wateja wa picha za kawaida. Kilichobaki mkononi mwa mpiga picha ni uaminifu: mteja akirudi baada ya miaka 5 kuomba picha ya marehemu baba yake, aipate. Ndugu wapiga picha, nunueni diski ya pili kabla ya msimu wa harusi kuanza.