Giza Si Kosa, Jamani!

Nasema wazi, atakayenuna na anune. Sisi vijana tunaoandika tumekubali kugeuzwa sura. Nenda studio ya mtaani utafute picha ya kuweka nyuma ya kitabu chako cha kwanza. Utawashiwa taa mbili usoni, kulia na kushoto, kisha kompyuta itakufuta chunusi, kovu na weusi wako. Unatoka mweupe kama sembe. Ati umependeza! Nani kapendeza, wewe au sembe?

Ugonjwa huu haukuanza jana. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizigawia maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Weusi tukabaki macho na meno. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kadi ya zamani imekwisha kazi, lakini vichwani mwetu bado ipo.

Dawa yake? Tujipige wenyewe, tena gizani. Mtaji hautakiwi. Subiri usiku, zima taa ya dari. Chukua taa moja ya mezani, iweke ubavuni, mbele kidogo na juu ya usawa wa macho, mita 1 toka usoni. Ukuta wa nyuma uwe mita 3 toka kwenye taa. Umbali ukiwa mara tatu, mwanga unabaki sehemu moja ya tisa, hivyo uso unawaka na ukuta unazama. Ukuta ukiwa mweupe sana, tundika blanketi jeusi. Ondoa shuka jeupe lililo upande wa pili, maana litarudisha mwanga kwenye kivuli. Egemeza simu kwenye vitabu, zima flashi, punguza mwanga kwenye kioo chake, iache ijipige baada ya sekunde 10. Geuza pua taratibu kuelekea taa mpaka shavu la gizani lipate pembetatu ndogo ya mwanga. Pembetatu hiyo imepewa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki 1669 baada ya kujichora mara nyingi.

Wabishi watasema, “Mweusi ukimweka gizani si atapotea?” Uongo mtupu! Ngozi nyeusi ina mng'ao, na taa ya ubavuni huushika kwenye paji na shavu. Jipake mafuta kidogo uone. Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika picha za Somnyama Ngonyama alizoanza 2012, anajipiga mwenyewe na kuuzidisha weusi wake makusudi. Hakupotea; dunia imesimama kumtazama.

Na wewe unayengoja vifaa, msikie Samuel Fosso. Alifungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Wateja wakiondoka, alijipiga mwenyewe kwa filamu iliyobaki. Makombo, bwana! Makombo hayo leo yanajulikana dunia nzima.

Mwandishi anayemwachia mtu mwingine afute kovu lake, kesho atamwachia afute na sentensi zake. Sura yako ni ukurasa wa kwanza wa kitabu chako. Uandike mwenyewe.

Anayebisha ashike kalamu. Nafasi ipo.