Maji yatulie, lakini samaki wapumue

Wakulima wenzetu, tuko na desturi moja ya kuacha: kufunga maji kabisa wakati tilapia wanataga. Ni kweli, dume anachimba kiota chini ya bwawa, na maji yenye nguvu yanaleta matope na kukiharibu. Lakini maji yakisimama siku nyingi, hewa ndani yake inapunguka. Usiku majani ya maji nayo yanapumua, ndiyo maana alfajiri ni saa mbaya. Msimu uliopita tulikuta samaki wazazi wanahema juu ya maji. Tulikuwa tumemwaga mbolea nyingi. Tulipoteza majike wenye mayai mdomoni.

Sisi tunaona hakuna haja ya kununua mashine. Maji yaingie kidogo kidogo kwa mwanzi, yaanguke juu ya mawe kwenye pembe moja. Yakianguka yanachukua hewa, na mawe yanavunja nguvu yake. Upande mwingine ubaki tulivu kwa viota. Mbolea tupunguze, na asubuhi sana mtu apite kuangalia. Mama akikosa pumzi, watoto tutawapata wapi?