Ajira migodini: Maombi yanayofia mezani kabla ya usaili

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji ya Geita na Kahama, tangazo la kazi mgodini halihitaji kupigiwa debe. Likitoka asubuhi, kabla ya jua kuzama maduka ya steshenari huwa yamejaa vijana wanaochapa wasifu wao upya na kutoa nakala za vyeti, huku wengine wakiwa mlangoni kwa wakili wakisubiri muhuri. Mwishoni mwa tangazo hukaa mstari ambao karibu kila mwombaji ameukariri: watakaochaguliwa kwa usaili ndio pekee watakaojulishwa. Baada ya hapo ni kimya. Hupita wiki mbili, mwezi, miezi mitatu, na mwombaji hujitangazia mwenyewe kwamba amekosa.

Mjadala wa ajira katika ukanda huu wa dhahabu umeendeshwa kwa zaidi ya miaka 20 kana kwamba tatizo ni uchache wa nafasi tu. Kila msimu wa uchaguzi wanasiasa huwataka wawekezaji "wawafikirie wenyeji", na kampuni hujibu kwa kueleza kuwa karibu wafanyakazi wao wote ni Watanzania. Pande zote mbili husema kweli, na zote mbili huikwepa hatua ya mchujo, yaani pale mtu anapoondolewa bila kuonwa, bila kuulizwa na bila kuelezwa sababu. Sheria ya nchi inamlinda mwombaji katika hatua hiyo. Ukimya wa waajiri ndio unaoifanya kinga hiyo ibaki kwenye karatasi.

Manung'uniko haya yana historia. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kupisha uchimbaji mkubwa. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Waliopoteza maduara na mashamba waliahidiwa maendeleo, na kwa mwananchi wa kawaida maendeleo yalimaanisha ajira. Wazee wa Shinyanga walikuwa na mfano wao tayari, Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940 na mji mzima ukaota kuuzunguka mgodi, ukiwa na hospitali na shule zake. Lakini migodi ya kizazi hiki haikuja na mahitaji ya aina hiyo. Lori moja la mgodini hubeba zaidi ya tani 100 za mawe na huendeshwa na dereva mmoja. Buzwagi, kwa upande wake, ilikwisha kusimamisha uzalishaji mwaka 2021.

Ni haki pia kuutazama upande wa mwajiri. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ililazimika kufanyia usaili katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, kwa kuwa zaidi ya watu 10,000 walikuwa wakiwania nafasi 70. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Hakuna ofisi ya rasilimali watu inayoweza kuketi na kila mwombaji. Mchujo hauepukiki, na anayedai kila mtu aitwe kwenye usaili anadai lisilowezekana.

Swali ni nini kinachowaondoa watu. Mara nyingi ni mambo madogo. Yupo aliyeambatisha hati ya matokeo badala ya cheti. Yupo ambaye cheti cha kuzaliwa kinamtaja Ng'wandu na cha kidato cha nne kinamtaja Mwandu, jambo la kawaida kabisa Usukumani, ambako karani na mwalimu huandika jina kila mmoja kwa sikio lake. Kwa anayechambua maombi akiwa mbali na huku, hao ni watu wawili tofauti.

Kikwazo kikubwa zaidi ni uzoefu. Tangazo linadai miaka mitatu au mitano ya kuendesha mitambo mikubwa, ilhali mitambo hiyo haipatikani popote isipokuwa migodini. Sekta ya madini ilipoamua, mwaka 2009, kuanzisha mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini kwa kushirikiana na VETA, ilichagua chuo cha Moshi, mkoani Kilimanjaro. Sababu za kitaalamu huenda zilikuwepo. Hata hivyo, kijana wa Nyarugusu au Bugarama anayesikia hodi za baruti kila siku alilazimika kuvuka mikoa kadhaa kwenda kujifunza kazi inayofanyika nyuma ya nyumba yao.

Zaidi ya hapo kuna vimemo. Kwa kuwa mwombaji haambiwi kilichomwangusha, hubaki na maelezo mawili: ama hakustahili, ama hakuwa na mtu ndani. Wengi huchagua la pili, na neno "undugunaizesheni" halikuzaliwa bila sababu. Vivyo hivyo kwa malalamiko ya "orodha nyeusi", kwamba aliyeachishwa mgodi mmoja hufungiwa milango ya mingine yote. Oktoba 2007, baada ya mgomo wa Bulyanhulu ambao mwajiri aliuita batili, mamia ya wafanyakazi walipoteza ajira, na waliotaka kurudi walitakiwa kuomba upya. Katika mazingira kama hayo, mtu anayeomba mara kumi na kukutana na kimya mara kumi ataamini kuwa jina lake limewekewa alama. Yeye hana njia ya kuthibitisha, na kampuni isiyotoa sababu haina njia rahisi ya kukanusha.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinapiga marufuku ubaguzi wa moja kwa moja au wa kificho katika ajira. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba, kwa madhumuni ya kifungu hicho, neno mfanyakazi linamjumuisha pia mwombaji kazi, na taratibu za kuajiri zinajumuisha matangazo na vigezo vya uteuzi. Aidha, mlalamikaji akionyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kujieleza.

Kifungu hicho kina makali ya pande mbili. Miongoni mwa misingi iliyokatazwa ni kabila na mahali mtu anakotoka. Kwa hiyo dai la "Geita kwa Wanageita", ambalo hupata makofi mengi mikutanoni, lina miguu dhaifu kisheria, ingawa sheria hiyo hiyo inaruhusu hatua za makusudi za kuleta usawa. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 nazo, zinapotoa kipaumbele katika ajira, zinamtaja Mtanzania. Kijana wa Kahama na wa Mbagala wako sawa mbele ya kanuni hizo.

Kwa maoni ya mwandishi, wanasiasa wamekuwa wakipigania dai dhaifu na kuliacha lenye nguvu. Dai lenye nguvu ni sababu. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hutakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda. Sasa mpigie hesabu mwombaji wa Geita. Anasubiri mwezi mmoja kwa matumaini, wa pili kwa wasiwasi, na wa tatu anapokubali kuwa amekosa siku hizo huenda zimekwisha, tena bila kujua kama alibaguliwa au alikosea kuambatisha cheti.

Utumishi wa umma umepiga hatua ndogo mbele. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwafahamisha wasioona majina yao kuwa hawakukidhi vigezo na kuwahimiza waombe tena. Ni jibu la jumla mno, lakini ni jibu, na lina tarehe.

Migodini linawezekana zaidi ya hilo bila sheria mpya. Chini ya kanuni za 2018, kampuni huwasilisha kwa Tume ya Madini mipango na taarifa za ajira, zikieleza walioajiriwa na makazi yao. Taarifa hizo huhesabu walioingia. Tume ingeweza kutaka pia hesabu ya walioachwa: wangapi waliomba, wangapi waliitwa, na ni kigezo gani kilichowatoa wengi. Ikionekana, kwa mfano, kuwa nusu waliangushwa na tofauti ya majina, halmashauri itajua la kufanya kabla ya tangazo lijalo. Ikionekana ni uzoefu, kampuni na VETA watakuwa na jambo la kuzungumza. Kwa mwombaji mmoja mmoja, ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Kwa sasa anayekosa huelekea Mgusu, Lwamgasa au Mwakitolyo. Huko mwenye duara humtazama mtu usoni na kumjibu papo hapo, ingawa kuta za shimo hazina mkaguzi.